Nguvu za Mashine Katika Mashindano ya Uvuvi

Kila shindano ni mizani. Watu wakishindana, jambo linalopimwa hutajwa kwanza, na mambo mengine yote husawazishwa kadiri iwezekanavyo yasije yakaingia katika kipimo. Wachezao bao hukaa mbele ya mashimo 32 na kete 64, nusu kwa nusu. Hapana mchezaji awezaye kuanza na kete 40 kwa kuwa ana mali ya kuzinunua. Ndiyo maana ashindaye katika bao hustahili sifa, na ashindwaye hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Lakini mizani ikitiwa kidole, hukumu yake huwa dhuluma, hata ikitangazwa kwa tarumbeta na kupigiwa makofi.

Nakusudia kuonyesha katika insha hii kwamba mashindano ya uvuvi, kama yafanywavyo leo katika maziwa ya Marekani, yametiwa kidole cha namna hiyo, na kidole chenyewe ni mashine ya kupachika tezini. Waandalizi wa mashindano hayo hawakukosa kuiona hatari. Waliweka kikomo cha nguvu za mashine, wakakiandika katika sheria zao. Lakini kikomo hicho kimepandishwa mara kwa mara hata hakimzuii mtu yeyote tena. Kilikuwa dari iliyowekwa ili watu wasipande juu kupita kiasi; sasa kimekuwa sakafu, na asiyeifikia hahesabiwi kuwa yumo nyumbani. Sheria ya namna hii ni mbaya kuliko kukosa sheria, maana hulipa dhuluma vazi la haki.

Msomaji aweza kuuliza: sisi na wavuvi wa Marekani tuna nini? Nami nitamjibu kwamba swali la kipimo halina nchi. Aidha, samaki anayeshindaniwa huko, bass mwenye mdomo mkubwa, si mgeni kabisa kwetu, kwani aliletwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920, na wapo wajuao ukali wake katika mshipi. Na mashine zenyewe tunazo, toka Ziwa Victoria hata pwani, ingawa kwetu mashine ya nguvu za farasi 15 au 40 huhesabiwa kuwa mali ya kutosha kulisha jamaa. Desturi za michezo husafiri upesi kuliko merikebu. Yafaa tuijue desturi hii kabla haijatufikia.

Mashindano haya yana umri mdogo. Mwaka 1967 Ray Scott, wakala wa bima kutoka Montgomery, Alabama, aliwakusanya wavuvi 106 katika Ziwa Beaver, jimbo la Arkansas, kila mmoja akalipa ada ya dola 100. Mwaka uliofuata aliasisi chama kinachojulikana kwa jina la B.A.S.S. Zama hizo mashindano ya uvuvi yalikuwa na sifa mbaya ya udanganyifu, naye alitaka yawe na sheria zinazoheshimiwa kama zile za michezo mingine. Hapana budi tumpe haki yake. Alishika sana habari ya majaketi ya kuokolea maisha, na mwaka 1972 alianza kuhimiza samaki watunzwe hai ndani ya boti, wapimwe, kisha warudishwe majini. Kabla ya hapo samaki aliyevuliwa alikuwa samaki aliyekufa. Sheria ya mashindano ikageuza mazoea ya mamilioni ya watu waliokuwa hawajapata kushindana hata siku moja. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu wapo wasemao kwamba sheria haiwezi kushindana na tamaa ya mtu. Hii hapa sheria iliyoishinda tamaa ya tumbo, ambayo ni kuu kuliko tamaa ya mwendo.

Tuitazame siku yenyewe ya shindano. Alfajiri boti hukusanyika gatini, zikaachiliwa moja baada ya moja kwa zamu iliyopangwa. Kila mshindani ana saa zipatazo 8 za kuvua. Huvua kwa ufito na chambo cha bandia, na jioni huleta mizanini samaki 5 walio wazito kuliko wote aliopata. Saa ya kurudi haina huruma. Katika sheria za B.A.S.S. kila dakika ya kuchelewa humpunguzia mshindani ratili moja, yaani karibu gramu 450, na akipitisha dakika 15 hupoteza uzito wote wa siku ile.

Sasa yaangalie mambo mawili. La kwanza, mvuvi akifika mahali pa kuvulia huizima mashine kubwa, akashusha omoni mashine ndogo ya umeme isiyo na kelele, naye huenda nayo polepole kando ya miti iliyozama na majani ya ziwani. Kazi yote ya uvuvi hufanywa hivyo. Mashine kubwa haivui hata dagaa mmoja. Haijui kina cha maji wala joto lake. Haichagui chambo, wala haisikii samaki akigusa mshipi. La pili, ingawa haivui, ndiyo iamuayo nani atatangulia kufika na nani atabakiwa na muda mwingi zaidi kabla ya saa ya kurudi. Kwa hiyo chombo kisichohusika na ustadi wa uvuvi kimepewa kura katika hukumu ya ustadi huo. Hicho ndicho kidole nilichokisema.

Ama kikomo, kipo cha namna mbili, wala si vema kuvichanganya. Cha kwanza ni cha serikali. Kanuni za Marekani zataka boti nyingi za mashine ya kupachika, zikiwa na urefu pungufu ya futi 20, zibandikwe kibao chenye kutaja uzito na nguvu zinazoruhusiwa. Hesabu yake huanza kwa kuzidisha urefu wa boti kwa upana wa tezi. Boti kubwa ya kutosha, yenye usukani wa gurudumu na tezi ya kimo kinachotakiwa, hesabu yake huongezwa mara 2, kisha hutolewa 90, na jawabu husogezwa mbele hata kufikia tano inayofuata. Hivyo boti ya futi 18 yenye tezi ya futi 7 huruhusiwa nguvu za farasi 165. Hiki ni kikomo cha usalama, nacho hakiulizi nani mvuvi bora. Tena boti nyingi za mashindano siku hizi zina futi 20 au 21, hata kanuni hiyo ya serikali haizigusi.

Kikomo cha pili ni cha waandalizi, na hiki ndicho chenye dai la kulinda haki kati ya mshindani na mshindani. Kwa miaka mingi B.A.S.S. walisimama katika nguvu za farasi 150. Kisha wakapanda ngazi, daraja baada ya daraja, hata wakafika 250. Kila walipopanda, sababu ilikuwa ni ile ile: watengenezaji wametoa mashine kubwa zaidi, boti zimekuwa nzito zaidi, na wavuvi wamekwisha kuzinunua. Ebu tupime hoja hii. Ikiwa kikomo hupanda kila mara watu wanapokigusa kwa kichwa, kilikuwa kikomo cha nini? Mlango unaofunguliwa kwa kila abishaye hauitwi mlango; huitwa tundu la ukuta.

Methali yetu yasema kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Waliotunga methali hiyo hawakuwahi kufikiri habari ya mpanda farasi 250. Basi na tuulize kwa hesabu farasi hao wa nyongeza huleta faida gani. Boti inayoteleza juu ya maji haizidishi mwendo wake sawasawa na nguvu zake. Kwa makadirio ya mafundi, mwendo hufuata kipeo cha pili cha nguvu kikigeuzwa kinyume, yaani kipeuo chake. Ikiwa boti ya nguvu 250 hukimbia kilomita 112 kwa saa, boti hiyo hiyo kwa nguvu 150 itakimbia kilomita 87 hivi. Mahali pa kuvulia pakiwa mbali kwa kilomita 50, yule wa kwanza atafika kwa dakika 27 na yule wa pili kwa dakika 34 au 35. Kwenda na kurudi, tofauti yao ni robo saa katika siku ya saa 8.

Robo saa hiyo ni mali kubwa kwa mtu mmoja ikiwa wengine hawanayo, na zaidi ya robo saa ni kule kutangulia, maana aliyetangulia hulikalia pembe la ziwa, na adabu ya mchezo yamtaka aliyechelewa apite mbele. Lakini wote wakiwa na nguvu 250, robo saa hiyo imekwenda wapi? Hapana aliyeipata. Wamekuwa kama watazamaji waliosimama juu ya viti ili waone ngoma vizuri zaidi. Wa mbele alisimama, wa nyuma wakasimama, na mwishowe wote waona kama walivyoona walipokuwa wameketi, ila miguu yawauma. Hapa miguu iliyouma ni mifuko. Mashine moja mpya ya nguvu 250 hupita dola 20,000, na boti kamili ya kushindania, mpya, huuzwa kwa zaidi ya dola 70,000. Ikikimbizwa kwa nguvu zake zote, mashine hiyo hunywa petroli lita 75 au zaidi kwa saa. Gharama hii yote imenunua usawa ule ule ambao ungepatikana bure kwa mstari mmoja wa sheria.

Nimesimama gatini katika ziwa moja la Marekani alfajiri ya shindano la wenyeji, wala si shindano kubwa la kutangazwa. Alikuwapo mzee mmoja, fundi seremala, mwenye boti ya bati na mashine ya nguvu 60. Watu wote wa ziwa lile walimjua. Alikuwa na daftari aliloandika kwa miaka mingi joto la maji, mwelekeo wa upepo na siku za samaki kutaga, na vijana walimjia jioni kumwuliza mashauri. Siku ile aliniambia mapema ni wapi samaki watakapokuwa, akaniambia na sababu yake: mvua ya juzi imeleta maji ya matope upande wa mto, nao watakuwa wamejivuta mpaka pale maji safi yanapokutana na machafu. Alipofika huko alikuta boti 3 zimemtangulia, nazo hazikumfuata yeye; zilikuwa zikizunguka mahali hata mahali kwa mwendo wa upepo, zikajaribu pembe 7 au 8 katika muda aliotumia yeye kufika moja. Alirudi na samaki 2. Aliyeshinda alivua mahali pale pale alipoagua mzee. Sisemi aliyeshinda hakujua kuvua. Nasema shindano lilitangaza kwamba ni la kumtambua ajuaye samaki alipo, na aliyejua kabla ya wote hakutambuliwa. Mzee hakulalamika. Aliifunga boti yake juu ya gari, akasema tu kwamba mwaka ujao hatatoa ada. Nchi nzima imejaa watu wa namna yake walioacha kutoa ada, na kwa kuwa waliondoka kimya, waandalizi hudhani kwamba hapana aliyeonewa.

Tuna methali nyingine isemayo, mwenye nguvu mpishe. Hiyo ni methali ya njiani, ya kumwonya mnyonge ajiepushe na madhara. Haikukusudiwa kuwa sheria ya mchezo. Shindano limewekwa duniani ili kuwa mahali pamoja ambapo methali hiyo haifanyi kazi.

Ningekoma hapa kama jambo lenyewe lingekuwa fedha na sifa tu. Lakini liko jambo zito zaidi, nalo ni uhai. Nguvu ya kugonga hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kwa boti ile ile, tofauti ya kilomita 87 na 112 kwa saa ni kwamba kishindo chake huzidi kwa theluthi mbili. Na majini hapana barabara, hapana mstari mweupe, hapana breki. Boti ikikimbia hivyo omo yake huinuka, mtu huiona sehemu ndogo tu ya maji yaliyo mbele yake, naye hupita kilomita moja kwa sekunde 32. Gogo lililozama nusu, wimbi la boti nyingine, mwanga wa jua machoni: kimoja chatosha. Hesabu za walinzi wa pwani wa Marekani huonyesha mara kwa mara mwendo wa kupita kiasi na kutoangalia mbele miongoni mwa sababu kuu za ajali za boti.

Mwezi Aprili 2025, katika Ziwa Lewis Smith, jimbo la Alabama, boti ya mshindani iligongana na boti nyingine ya wavuvi wakati wa shindano, na watu 3 wakafa. Sipendi kumhukumu mtu kwa ajali ile; hukumu ina mahakimu wake, na wafiwa wana haki ya kuachwa katika huzuni yao bila kelele za waandishi. Nauliza swali moja tu lisilomhusu mtu yeyote kwa jina. Maji ya ziwa la watu wote, wenye kuvua kwa shindano na wenye kuvua kwa starehe ya siku, yana wajibu gani wa kuibeba robo saa ambayo, kama tulivyoona, haimfaidi mshindani yeyote?

Itajibiwa kwamba usalama umekwisha kuangaliwa. Ni kweli kwamba tangu tarehe 1 Aprili 2021 sheria ya Marekani humtaka aendeshaye boti ndogo, iliyo pungufu ya futi 26 na yenye kifaa cha kuzimia mashine, ajifunge kamba ya kifaa hicho, ili akirushwa nje mashine izimike. Mashindano yalikuwa yakilazimisha jambo hilo kabla ya serikali, nami nalisifu. Lakini kamba hiyo humfaa mtu aliyekwisha kurushwa. Haimzuii kurushwa, wala haimfai yule aliye katika boti ya pili. Kumfunga mtu kamba na kumwongezea mwendo ni sawa na kumpa mtoto dawa ya jeraha kwa mkono mmoja na kisu kwa mkono wa pili.

Na tusikilize sasa hoja za upande wa pili, maana asiyesikiliza mshindani wake hujishinda mwenyewe.

Husemwa kwanza kwamba sheria ni moja kwa wote, na kwa hiyo ni haki: kila mtu ameruhusiwa nguvu 250. Hii ni haki ya kumruhusu kila mtu kulala katika jumba la mawe. Ruhusa si uwezo. Kikomo cha chini hukusanya watu, kwa kuwa walio wengi waweza kukifikia. Kikomo cha juu huwachuja, kwa kuwa ni wachache wawezao. Maneno ya sheria ni yale yale, ila namba iliyomo ndani yake ndiyo iamuayo kama imewekwa kwa ajili ya mchezo au kwa ajili ya soko.

Husemwa pili kwamba mashine kubwa ni usalama, maana humrudisha mtu gatini kabla ya tufani. Lau wasemao hivi wangemwuliza nahodha yeyote, angewaambia kwamba mawimbi yakisimama hapana mtu awezaye kutumia nguvu 250; hulazimika kupunguza mwendo sawa na yule mwenye 60, na hapo boti huokolewa na umbo lake na akili ya anayeishika. Aliye salama katika tufani ni yule aliyeitazama mbingu mapema akaondoka. Tena mashine kubwa humpeleka mtu mbali zaidi na gati, hata tufani inapomkuta huwa amekwisha kujitenga na msaada. Kilichomfikisha huko ndicho kinachoitwa mkombozi wake.

Husemwa tatu kwamba kikomo cha chini hakilindiki, kwa kuwa watu wataficha mashine kubwa chini ya kifuniko chenye namba ndogo. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kipimo kilichozoeleka viwandani huruhusu nguvu halisi kutofautiana na namba iliyoandikwa kwa asilimia 10, hivyo mashine ya 250 yaweza kutoa 275 bila kosa. Na kiwanda cha Mercury kimepata kuuza mashine za silinda 8 na ujazo wa lita 4.6 katika daraja la 250 na katika daraja la 300, mwili ukiwa mmoja. Lakini ugumu huu uko katika kila kikomo, uwe 250 au 50; haukumzuia mtu kuandika 250. Kisha tukumbuke ni waandalizi gani wasemao hawawezi kuchungua. Ni hao hao ambao hujiwekea haki ya kuwapeleka washindi mbele ya mashine ya kupimia uongo. Mwezi Septemba 2022, huko Cleveland katika Ziwa Erie, mwandalizi alipasua matumbo ya samaki mbele ya umati akatoa vipande vya madini ya risasi vilivyotiwa ili kuongeza uzito. Wavuvi wawili walikiri kosa mahakamani mwaka 2023, wakafungwa siku 10, na boti yao ikatwaliwa. Watu walighadhibika, na ilikuwa haki waghadhibike. Yule aliyetia risasi alivunja sheria, na mwenye mashine kubwa haivunji. Tofauti hiyo naikubali. Lakini wote wawili wameongeza katika mizani kitu kisichokuwa uvuvi. Awezaye kutafuta kipande cha risasi ndani ya tumbo la samaki hawezi kushindwa kusoma namba ya mashine iliyopachikwa wazi tezini.

Hoja ya nne haisemwi kwa sauti kubwa, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: watengenezaji wa boti na mashine ndio walipao sehemu kubwa ya zawadi, na shindano ni duka lao. Mfadhili astahili shukrani. Jina lake liandikwe juu ya bendera, na mashine yake iwekwe gatini watu waitazame. Lakini hana haki ya kuandika kipimo. Siku mwuza mizani atakapokuwa ndiye aamuaye uzito wa ratili, soko lote litakuwa lake. Isitoshe, sidhani kwamba mfanya biashara mwenye busara atapata hasara. Mashine za nguvu 115 na 150 naye huziuza, na wanunuzi wake ni wengi.

Wala sishauri jambo lisilopata kujaribiwa. Shindano kuu la kwanza la chama hicho hicho, lililofanywa mwaka 1971 katika Ziwa Mead, lilikuwa na wavuvi 24 waliopakiwa katika ndege bila kuambiwa ziwa waendalo, wakaambiwa wakiwa angani. Walipofika walikuta boti zao zimewekwa tayari, zote namna moja. Zawadi ilikuwa dola 10,000 kwa mshindi peke yake. Hapana aliyejua maji kabla ya mwenzake, hapana aliyekuwa na mashine kubwa kuliko mwenzake. Ikiwa mchezo huu una siku yake ya utukufu, kwangu ni ile. Mwasisi mwenyewe, aliyefariki mwaka 2022, alionyesha kwa kitendo kwamba alijua kipi kisawazishwe ili mvuvi aonekane.

Yapo pia maziwa ambayo wenye mamlaka wameweka kikomo cha chini kwa watu wote. Ziwa Pymatuning, mpakani mwa Pennsylvania na Ohio, kikomo chake ni nguvu 20; Ziwa Arthur katika Pennsylvania vivyo hivyo; na mengine, kama Marsh Creek katika jimbo hilo hilo, huruhusu mashine za umeme tu. Uvuvi haukufa huko. Hatimaye, mwaka 2020, B.A.S.S. wenyewe walianzisha mashindano ya mitumbwi midogo ya kayaki, isiyo na mashine za petroli; mvuvi humlaza samaki juu ya ubao wa kupimia, akampiga picha, akamwachia. Watu waliokuwa hawawezi kununua boti ya dola 70,000 wakaja. Chama kikikiri kwa mkono mmoja kwamba uvuvi waweza kupimwa bila mashine kubwa, hakiwezi kukanusha kwa mkono wa pili.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, kikomo kifuate maji wala kisifuate duka: ziwa dogo liwe na namba ndogo, ziwa kubwa lirudi katika 150, na namba hiyo iwe ya nguvu halisi kwenye mhimili wa rafadha, bila nyongeza ya asilimia 10. Pili, uwekwe mwendo wa juu kabisa, uchunguzwe kwa vyombo vya satelaiti ambavyo boti hizo huvibeba tayari, na adhabu yake iwe ratili, kama ilivyo adhabu ya kuchelewa. Mchezo unaomtoza mtu kwa kuchelewa na haumtozi kwa kukimbia umekwisha kusema waupenda mwendo upi. Tatu, shindano la mwisho wa mwaka, la kumtambua bingwa, lifanywe katika boti za namna moja, kama mwaka 1971.

Yatasemwa haya ni maneno ya mtu aogopaye mashine. La, hasha. Mashine imemfikisha mvuvi mbali, imempunguzia jasho, na ole wake atakayetaka kuirudisha dunia kwenye kafi. Mashine ina mashindano yake, ya mbio za boti, na huko nguvu zisiwe na mpaka ila ule wa usalama, maana huko mashine ndiyo ipimwayo. Lakini shindano likiitwa la uvuvi, na apimwe mvuvi: jicho lake, mkono wake, subira yake, na yale aliyoyaandika katika daftari lake kwa miaka 30. Yule mzee seremala hakutaka kupendelewa. Alitaka tu alipe ada yake, aingie majini, na jioni aambiwe kwa haki kama anajua au hajui. Shindano lisiloweza kumjibu swali hilo halina haki ya kuchukua ada yake.